USIKU WA MWINDAJI: Somo juu ya filme moja na mtoto ambaye hawakumsadiki



Nyuma ya filme ile tuliyoangalia jumamosi katika chumba kikubwa, maneno yalikuwa mingi. Wengine walisema: juu ya nini shule ya misioni inatuonyesha mhubiri anayeua watu? Wengine walicheka pale ambapo hapakuwa jambo la kucheka. Watoto wa mwaka wa kwanza walikataa kwenda choo peke yao usiku ule, ikawa ni sisi kuwasindikiza na taa. Siku ya jumatatu sisi wakubwa wa wanafunzi tuliitwa, tukaulizwa kama filme ile si dharau kwa watumishi wa Mungu. Tuliomba siku mbili za kufikiri, tena tukaomba ukurasa wa gazeti hili. Basi jibu letu ni hili. Tunaliandika sawa somo, ili hata wale waliosinzia wapate kufuata.

Filme inaitwa kwa Kifaransa La Nuit du chasseur, ni kusema Usiku wa Mwindaji. Ilitoka Marekani mwaka 1955, nayo ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Aliyeiongoza ni Charles Laughton, Mwingereza, mchezaji mwenye jina kubwa katika teatre na katika sinema. Maisha yake yote aliongoza filme hii moja tu. Ilipotoka, watu hawakuipenda, haikuleta faida, naye alikufa mwaka 1962 pasipo kuongoza nyingine. Nyuma yake njo walianza kuona thamani yake. Mwaka 1992 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka katika hesabu ya filme za kutunzwa, na mwaka 2008 jarida la Ufaransa Cahiers du cinéma liliipa nafasi ya pili kati ya filme 100. Tunaandika haya kwa ajili ya rafiki yetu mmoja wa mwaka wa tano aliyesema kwamba filme ya zamani isiyo na rangi ni ya kupoteza umeme.

Lakini kabla ya filme kulikuwa kitabu. Kitabu kiliandikwa na Davis Grubb, nacho kilitoka mwaka 1953. Grubb alizaliwa mwaka 1919 huko Moundsville, mji wa West Virginia ulio karibu na mto Ohio. Katika mji ule kulikuwa gereza kubwa. Tarehe 18 mwezi wa tatu mwaka 1932 walinyonga humo mtu mmoja aliyeitwa Harry Powers. Mtu huyu alikuwa anatafuta wajane kwa njia ya barua. Aliwaandikia maneno matamu ya ndoa, kumbe alitamani mali yao. Mwaka 1931 aliua wanawake wawili, na watoto watatu wa mmoja wao. Siku aliponyongwa, Grubb alikuwa mtoto wa miaka 12 katika mji ule ule. Hesabuni wenyewe: ni umri wa wadogo wetu wa mwaka wa kwanza. Nyuma ya miaka 20 alitunga hadithi yake, akabadilisha jina la Powers kuwa Powell, akampa jambo moja ambalo mnyongwa wa kweli hakuwa nalo: kazi ya mhubiri.

Hapo njo shida yetu inaanza. Mbona aliongeza Biblia mkononi mwa muuaji?

Tukumbushe hadithi kwa kifupi. Ni miaka ya taabu kubwa nyuma ya 1929, watu hawana kazi, watoto wanazunguka njiani wakiomba chakula. Baba mmoja, Ben Harper, anaiba benki, anaua watu wawili, anakimbilia nyumbani na dola 10,000. Mbele ya polisi kufika, anaficha franga zile ndani ya pupe ya binti yake Pearl. Anawaapisha Pearl na kaka yake John kwamba hawatamwambia mtu, hata mama yao. Kisha wanamfunga machoni pa John. Gerezani analala chumba kimoja na Harry Powell, aliyefungwa kwa ajili ya motokari ya wizi, na usiku Ben anasema maneno katika usingizi. Ben ananyongwa. Powell anatoka, anakwenda moja kwa moja kijijini kwa mjane, Willa, amevaa nguo nyeusi na kofia ya mhubiri. Kijiji kizima kinampenda. Willa anaolewa naye. Yeye anatafuta paka franga.

Katika vidole vya mkono wake wa kuume amechanja herufi nne za neno upendo kwa Kiingereza, na katika mkono wa kushoto herufi nne za neno chuki. Anashikanisha mikono miwili, anaonyesha namna inavyopigana, kushoto inakaribia kushinda, mwisho kuume inaangusha kushoto. Watu wanafurahi sana. Wanasema: mahubiri namna hii hatujasikia! Na kweli, hata katika chumba chetu kikubwa wengi walipiga makofi. Sisi pia. Tunaungama.

Sasa tuulize: filme inatutisha kwa njia gani? Si kwa damu, kwa sababu karibu hakuna damu. Willa anapouawa, tunaona kisu kimeinuliwa, tunaona chumba cha kulala chenye paa ya kuchongoka sawa kanisa dogo, basi. Nyuma tunaonyeshwa motokari chini ya maji, mama ameketi ndani, nywele zake zinacheza pamoja na majani ya mto. Ni picha ya kutisha, lakini ni ya utulivu, hakuna mtu anapiga kelele. (Kwa wale waliouliza kama mchezaji alizama kweli: hapana, ni sanamu ya nta ndani ya birika kubwa ya maji.) Tena usiku ule watoto wamelala juu ya majani makavu, ghalani, na mbali sana mtu juu ya farasi anapita akiimba wimbo wa kanisa. Ni kivuli tu. Kivuli kile hata hakikuwa cha mchezaji mkubwa Robert Mitchum. Walimpandisha mtu mfupi sana juu ya farasi mdogo, ili mbali ionekane kuwa mbali zaidi. John anaamka, anashangaa kama mtu yule halali kamwe. Wadogo wetu walikuwa na woga zaidi hapo kuliko mahali pa kisu.

Sisi tunaona woga wa filme hii unatoka mahali pengine. Unatoka kwa sababu John anajua. Tangu mara ya kwanza anajua kwamba Powell anatafuta franga. Sisi tunaoangalia tunajua pamoja naye. Lakini wakubwa wote hawajui, tena hawataki kujua. Anamwambia mama yake kwamba mtu huyu ananiuliza franga ziko wapi, mama anamwona kuwa mwongo. Kuna mama mwingine, Icey Spoon, mwenye duka la vitamu pamoja na mume wake. Yeye njo alimsukuma Willa kuolewa. Mume wake ana mashaka kidogo, lakini mama huyu anamnyamazisha. Mwisho kuna mzee mmoja wa mtoni, Birdie, aliyemwahidi John msaada siku ya taabu. Mzee anamwona Willa chini ya maji wakati anavua samaki. Anaogopa kwamba watasema ni yeye aliyemwua, anakunywa pombe mpaka hajiwezi. John anapokimbilia kwake usiku, anamkuta mlevi, hawezi kuamka. Basi milango yote imefungwa, na hakuna mtu mbaya aliyeifunga isipokuwa mmoja. Wengine wote ni watu wazuri.

Tusimame kidogo hapa, maana jambo hili limetugusa sisi wenyewe. Mwaka uliopita mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza alikuja kwetu, akasema: "Yaya, ule mukubwa wa chumba anakamata vitu vyangu." Mkubwa yule alikuwa anaongoza maombi ya bweni kila asubuhi, tena kwa sauti nzuri sana. Tulimjibu mtoto: "Unasema nini? Nenda umuombe msamaha." Akaenda, akaomba msamaha. Nyuma ya juma tatu tulikuta shuka yake, sabuni na franga za karo yake ndani ya sanduku la mkubwa yule. Mtoto hakutuambia neno. Alitutazama tu. Tulipomwona John amesimama kando ya mlango wakati kijiji kinashangilia vidole vya Powell, tulijua macho yale tuliyaona wapi.

Turudi kwa swali la dharau. Wanaosema filme inatukana wahubiri hawakuangalia mpaka mwisho, ao walikuwa wanaangalia vidole. Kumbukeni mwanzo kabisa, mbele ya Powell kuonekana. Ni nani anasema kwanza? Ni Bibi Rachel Cooper, mzee mwenye kulea yatima, anafundisha watoto onyo la Bwana juu ya manabii wa uongo (someni Mathayo 7, kuanzia mstari wa 15). Mchezaji wake ni Lillian Gish, aliyekuwa nyota tangu wakati wa sinema isiyo na sauti. Ni kusema filme imefunguliwa na Biblia, katika mkono wa mtu mwaminifu. Halafu njo Powell anafika katika motokari yake, anasema na Mungu sawa vile mtu anazungumza na rafiki wa biashara, anamhesabia wajane aliowaua.

Hapo kuna jambo ambalo wengi walipita juu yake. Powell si mnafiki wa kawaida, yule anayecheka ndani ya moyo. Gerezani Ben anamwuliza anahubiri dini gani, naye anajibu kwamba ni dini waliyoipanga wao wawili, yeye na Mwenyezi. Watu walicheka. Lakini fikirini: dini ya mtu mmoja, haina ndugu wa kumwonya, haina mzee wa kanisa wa kumwuliza, na Mungu wake anakubali kila analotaka. Tunaona ni jibu la kuogopesha kuliko kisu chake. Mwongo anajua kwamba anadanganya, na siku moja anaweza kuchoka. Huyu hachoki. Njo maana halali.

Sasa wekeni watu wawili hawa pamoja. Watoto wamepita mtoni ndani ya mtumbwi, usiku, kati ya vyura, sungura na buibui (mahali pale pazuri sana, wasichana wa mwaka wa nne walitaka kurudishiwa). Rachel amewaokota, amewaogesha, amewalisha. Powell anafika kwake na kofia yake, anasema ni baba yao. Anaanza hadithi ya mikono yake. Rachel hana wakati wa mikono. Anamwuliza maswali: mama yao yuko wapi? Alikwenda upande gani wa mto? Na watoto alikwenda nao? Halafu anahesabu njia na maji, anaona kwamba kwa maneno ya Powell watoto walipaswa kupanda mto mkubwa kwa mtumbwi mdogo. Haiwezekani. Somo la jiografia, basi! Kisha anafanya jambo ambalo hakuna mkubwa mwingine alifanya katika filme nzima. Anamgeukia John, anamwuliza kuna nini. John anasema huyu si baba yake. Rachel anasadiki mara moja, tena anaongeza kwamba huyu si mhubiri vilevile, na anakamata bunduki.

Usiku wake Powell anakaa nje ya uzio, anaimba wimbo wake, wimbo uliotungwa mwaka 1887, juu ya kuegemea mikono ya milele. Rachel ameketi ndani, bunduki juu ya magoti, naye anaanza kuimba pamoja naye. Adui wawili wanaimba wimbo mmoja, sauti mbili, vizuri kabisa. Tulipouliza darasani, mtu mmoja tu alikuwa amesikia tofauti, naye ni mwanakwaya. Powell anaimba pasipo jina la Yesu. Rachel anaitikia na analiingiza jina lile. Mwenye sikio la kwaya atarudi kusikiliza. Kwa sisi jibu la dharau limekwisha pale: filme haisemi Biblia ni mbaya wala wimbo ni mbaya. Inaonyesha Kitabu kimoja katika mikono ya watu wawili, na inatuachia kuangalia mtoto anakimbilia nani, na anamkimbia nani.

Mwisho wa Powell ulileta mabishano makubwa, kwa hiyo tueleze. Rachel anampiga risasi, anakimbia na kulia sawa mnyama, anajificha ghalani. Asubuhi polisi wanamwangusha chini, wanamfunga. Wengi walitegemea kwamba John atafurahi. Lakini John anapiga kelele, anakimbia, anampiga Powell kwa pupe mpaka franga zote zinamwagika, anamwambia achukue. Juu ya nini? Wengine walisema mtoto amekuwa wazimu. Sisi tunasema hapana. Angalieni tena namna baba yake alivyofungwa: polisi wale wale, majani yale yale, mtu chini na mikono nyuma. John anaona baba yake mara ya pili. Na kiapo kile kilikuwa kizito kuliko Powell. Tunampenda Ben Harper kwa sababu aliiba akitazama njaa ya watoto, lakini tukisema kweli, alimbebesha mwanawe siri ya mtu mzima, siri ya damu ya watu wawili, kisha akaenda kufa. Powell alimwinda John kwa nje. Kiapo kilimwinda kwa ndani. Kwa habari hii tunashindwa kumsamehe Ben kabisa, hata kama wenzetu wawili wa mwaka wa sita hawakubali nasi.

Tena, katika hukumu John hawezi hata kumtazama Powell wala kumshitaki. Anayepiga kelele ni mwingine. Kundi la watu wamekamata mienge na mashoka, wanataka kumtoa Powell wamnyonge wenyewe, na mbele ya kundi yuko nani? Ni Icey Spoon! Yule aliyemsifu, aliyepanga ndoa, leo anapaza sauti kuliko wote. Hapa tena watu walicheka, na hapa tunasema kicheko kilikuwa cha haki. Mama huyu hakumwuliza John neno alipokuwa anapenda, na sasa anapochukia bado hamwulizi. Mikono miwili ya Powell, kumbe kijiji chote kilikuwa nayo.

Juu ya kitabu na filme, maneno machache. Laughton alikifuata kitabu kwa karibu sana, hata Grubb mwenyewe alimchorea michoro ya jinsi alivyoona watu na mahali ndani ya kichwa chake. Lakini kitabu kina njia ya kuingia katika mawazo ya John na kukaa humo muda mrefu. Filme haina njia hiyo, inapaswa kutumia vivuli: kivuli cha kofia kinapanda juu ya ukuta wa chumba cha watoto, wakati John anamsimulia Pearl hadithi ya kulala, na mtoto anakosa neno katikati ya hadithi. Kurasa nyingi za woga zimekuwa kivuli kimoja. Wanaojitayarisha kwa mtihani wa Kifaransa wanaweza kujaribu zoezi hilo kwa kinyume: chukueni kivuli kile, mkiandike kwa mistari kumi, tuone.

Na zawadi ya Noeli je? Wasichana walitukumbusha tusisahau. Watoto wote wamemshonea Bibi Rachel kitu. John hana kitu. Anakamata tufaa moja, analifunga katika kitambaa cha mezani, anampa. Rachel analipokea sawa mtu aliyepewa mali nyingi, na baadaye naye anampa John saa. Tangu mwanzo wa filme kila mkubwa alimtaka mtoto huyu atoe kitu, ao afiche kitu. Tufaa lile analitoa kwa kupenda kwake.

Kwa waliotuita jumatatu: filme si dharau, na tunaomba ionyeshwe tena mbele ya mwisho wa mwaka, lakini wadogo waketi kati ya wakubwa, wasiachwe nyuma karibu na mlango. Tena tunaomba ruhusa ya jambo moja. Kila jumapili nyuma ya chakula cha jioni, nusu saa, mmoja wetu atakaa katika chumba kidogo karibu na maktaba, mlango wazi. Mtoto mwenye neno aje aliseme, hata kama ni juu ya mtu anayeomba vizuri, hata kama ni juu yetu. Tutaliandika katika daftari pasipo kumjibu "nenda umuombe msamaha". Daftari ataishika bwana mwalimu wa zamu. Shuka na sabuni za mtoto yule zilirudi zote. Karo haikutosha, tuliimalizia sisi.